ELAN kwa kazi ya isimujamii: panga mistari kabla ya kunukuu

Anayechunguza jinsi watu wanavyochanganya lugha wakizungumza anataka neno aliloandika lisiachane na sauti yake. Kwa hilo, ELAN haina mpinzani miongoni mwa programu za bure. Imetengenezwa na Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia ya Lugha mjini Nijmegen, Uholanzi, nayo hufunga kila kipande cha manukuu kwenye sekunde zake: bofya kipande, umsikie msemaji.

Nguvu yake iko kwenye mistari, yaani tabaka za maandishi zinazokwenda sambamba na sauti. Kila msemaji hupewa mstari mkuu wa usemi, na chini yake mistari tegemezi. Hapo ndipo wengi huharibu. Huweka alama ya lugha kwenye sentensi nzima, halafu wanakutana na "hajapick". Ha- na -ja- ni vya Kiswahili, mzizi ni wa Kiingereza. Sentensi itaitwa lugha gani? Hata alama ya neno zima haitoshi. Chini ya usemi weka mstari wa maneno, chini yake wa mofimu, yaani vipande vidogo kabisa vya neno vyenye maana (ha, ja, pick), kisha mstari wa lugha uliofungwa mofimu kwa mofimu. Amua haya mapema na uyahifadhi kama kiolezo cha .etf, kwa sababu kubadili aina ya mstari uliokwisha kujazwa kunachosha mno. Tengeneza pia orodha maalumu ya alama za kuchagua. Bila hiyo mmoja ataandika "Kisw", mwenzake "SW", na utafutaji utaacha sehemu ya data bila mtu kugundua.

Rekodi iwe WAV, faili ya sauti isiyobanwa. Saa moja ya chaneli moja, kwa 48,000 Hz na biti 16, hula takriban MB 346, na inastahili: mchoro wa mawimbi ndio unaokuonyesha pa kukata. Kumbuka faili ya .eaf, ambamo ELAN huhifadhi manukuu, haibebi sauti, inaielekeza tu. Zikae folda moja, la sivyo ukihamia kompyuta nyingine utapata manukuu mabubu. Washa pia hifadhi ya kiotomatiki.

Kupima irabu si kazi ya ELAN. Hamishia manukuu Praat, programu ya kuchanganua sauti za usemi, kwa faili ya TextGrid.

Kutafuta katika faili nyingi kwa pamoja ni raha, ila ELAN huhesabu kilichowekewa alama tu. Mwanaisimujamii William Labov alisisitiza kwamba anayehesabu umbo fulani ahesabu pia kila mahali lilipoweza kutokea lisitokee. Kwa mfano, unafuatilia wasemaji wanaolegeza upatanisho wa ngeli. Wekea alama "kitabu yangu" na "kitabu changu" pia, katika mstari uleule. Mara 30 za "kitabu yangu" hazisemi kitu mpaka ijulikane msemaji yuleyule alisema "kitabu changu" mara 5 au mara 500.