TAHADHARI: "Pakanga" ya faranga 90 ni majani ya kando ya reli

Jamani, msinunue pakanga, ule mmea mchungu wa kutengenezea absinthi, kwa yule bwana wa "mimea ya bonde". Wa kundi la Jumamosi mnamjua, sina haja ya kumweleza. Wengine mlioko Uswisi, Ufaransa au Ubelgiji, mkipigiwa na mtu mwenye Kiswahili laini cha mwambao anayeuza mimea ya absinthi (pombe kali ya mitishamba), tena "ya Val-de-Travers yenyewe", lile bonde la Uswisi ilikozaliwa pombe hiyo, kateni simu.

Tumepigwa faranga 90 kwa nusu kilo. Hela si nyingi hivyo. Kinachouma ni namna tulivyopigwa, maana sisi si wageni wa kazi hii.

Alikuja na video. Glasi iko mezani, chini mna kinywaji angavu kama maji, kimo cha vidole viwili, na maji ya baridi yanadondoka tone kwa tone. Matone machache tu, ukungu ukaanza kujizungusha ndani kama moshi wa ubani, ukapanda, mara glasi nzima ikawa maziwa. "Mnaona? Hiyo ndiyo nguvu ya pakanga yangu." Na sisi tukatikisa vichwa. Sisi! Tunaojua fika kwamba ule weupe hauhusiani na pakanga hata chembe. Ni mafuta ya anisi na shamari: kwenye spiriti kali yanayeyuka, maji yakizidi yanajitenga. Chukua anisi tupu, keneka kwenye spiriti (yaani chemsha na ukusanye mvuke), tia maji, utapata maziwa yaleyale. Video ilithibitisha kwamba jamaa ana anisi, basi. Tulituma hela kabla glasi haijatulia.

Na kwa nini tusimwamini? Aliongea lugha ya kazi. Alitaja banda la kukaushia pakanga la Boveresse, kijiji cha bonde hilo. Alijua kwamba Uswisi ilipiga absinthi marufuku mwaka 1910 ikaja kuifungulia 2005, na kwamba muda wote huo watu wa bonde waliendelea kuipika kwa siri. Miche yake eti ilitoka bustani ya bibi mmoja wa enzi hizo. Akauliza kama tunataka ya kukeneka au ya kutia rangi ya kijani baada ya kukeneka, swali ambalo mbabaishaji wa kawaida halijui, maana kwenye rangi hutumika pakanga ndogo, Artemisia pontica. Picha aliyotuma ilikuwa ya pakanga halisi, jani la fedha pande zote mbili. Picha, lakini.

Mfuko wa kwanza, kwa aibu yetu, ulikwenda moja kwa moja kwa mkenekaji mwenye leseni bila mtu kuumwaga juu ya meza. Kipimo kilekile cha siku zote cha Pontarlier, mji wa absinthi wa Ufaransa: kwa kila lita ya spiriti ya asilimia 85, gramu 25 za pakanga, 50 za anisi, 50 za shamari, loweka saa 12, ongeza maji karibu nusu lita, kisha mtambo. Kilichotoka kilikuwa pipi ya anisi yenye harufu ya nyasi. Ule ubaridi wa pakanga unaopanda puani haukuwepo.

Mfuko wa pili ndio tuliomwaga kwenye karatasi nyeupe. Umekatwakatwa vipande vya nusu sentimita, karibu theluthi ni vijiti vitupu, vingine vyekundu vya kuiva. Tulichagua jani lililosalimika, tukalitia kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, likafunguka, tukalitandaza kwenye sahani. Juu kijani kizito. Chini jeupe kama flana. Ncha zimechongoka. Artemisia vulgaris, gugu la kando ya reli na barabara, ambalo hapa unalikata bure! Katikati yake mlikuwa na vipande vya kijani kilichokolea, vimechanikachanika kama jani la karoti, harufu tamutamu ya kafuri: Artemisia annua, hii ambayo nyumbani kila mtu anaiita "artemisia" tu, inayolimwa kwa ajili ya dawa ya malaria. Mmea wa heshima, lakini kazi yake si hii. Kwa hiyo na ninyi mnaomwambia shangazi awatumie "artemisia" kutoka nyumbani, mtaletewa hiyohiyo au ile ya milimani, Artemisia afra. Mtajeni mmea kwa jina lake lote: Artemisia absinthium.

Tulipomlalamikia, hakubisha. Akatuma "fidia": kichupa cha kahawia cha mililita 10, hakina lebo, na ujumbe kwamba tutie matone 20 kwa lita, "itakaa sawa". Mafuta ya pakanga! Hapo ndipo utapeli ulipogeuka jinai. Mafuta hayo yana thujoni, kemikali ambayo ikizidi ni sumu, na kiwango kinachoruhusiwa kwenye absinthi hapa Ulaya ni miligramu 35 kwa kilo. Matone 20 ni kama mililita moja. Hata thujoni ikiwa sehemu ya kumi tu ya mafuta, umeshapita kikomo zaidi ya mara mbili, na huwa ni zaidi ya sehemu ya kumi mara nyingi. Mwaka 1997 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza kisa cha Mmarekani aliyenunua mafuta ya pakanga kwenye intaneti akidhani ndiyo absinthi, akanywa kama mililita 10. Degedege, misuli ikaharibika, figo zikafeli. Mililita 10, kichupa kizima kama hiki. Mtu anayekutumia kitu hicho kwa posta ili unyamaze anastahili pingu, si kurudisha faranga 90. Afungwe, na kabla ya kufungwa aulizwe mbele ya hakimu kama yeye mwenyewe angekunywa.

Dalili zilikuwepo, tukazipuuza. Anauza iliyokatwa au ya unga, na ukimwomba shina zima lenye ua anasema "imeisha". Anakuonyesha weupe wa glasi badala ya mmea. Hataji jina la Kilatini mpaka umbane.

Jani la kweli lina vinyweleo vya hariri juu na chini, na ncha zake ni butu, za mviringo. Ua ni kitufe cha njano kinachoinamisha kichwa, milimita tatu hadi tano. Lipasue kwa wembe utazame kwa lenzi: kitako chake kina nywele ndefu katikati ya vijiua, vulgaris na annua ni kipara. Halafu tafuna kipande kidogo cha jani na uteme. Uchungu ukiondoka mara moja, rudisha mzigo. Fanyeni hivyo kabla ya mtambo, kwa sababu uchungu haupandi na mvuke. Ukishakeneka huwezi kuutumia kama kipimo. (Ndiyo maana zile pakiti zake za "loweka kwenye vodka siku kumi unywe" nazo ni wizi: ikiwa pakanga ni ya kweli hazinyweki, na zikinyweka si pakanga.)

Duka la dawa linauza Absinthii herba, yaani pakanga kavu. Iliyopimwa kwa famakopea ya Ulaya (kitabu cha viwango vya dawa) lazima iwe na angalau mililita 2 za mafuta kwa kilo na thamani ya uchungu isiyopungua 10,000. Au panda. Mbegu ni kama vumbi, zibonyeze juu ya udongo bila kuzifukia, zinataka mwanga. Jua kali, udongo mkavu uliochoka, nafasi nusu mita. Ukiweka samadi utapata majani mengi yasiyo na harufu. Kata vilele maua yanapoanza kufunguka, Julai au Agosti, uning'inize kivulini. Ukianika juani inageuka kahawia na mafuta yanaruka.

Aliyetumiwa kichupa cha kahawia asikionje wala asikimwage. Kiwe kimefungwa hivyohivyo, mbali na watoto, pamoja na bahasha yenye muhuri wa posta. Tunakwenda polisi Jumatatu na tunavihitaji vyote.