Kumtoa mtoto darasani au kumsaidia humo humo?

Mtoto wa miaka minne amechelewa kuongea. Mtaalamu wa matamshi huja mara moja kwa wiki. Je, amchukue kwenye chumba cha pembeni, au akae naye pamoja na wenzake?

Chumba cha pembeni kina utulivu. Kwa mtoto anayeumizwa na kelele, huo ni msaada wa kweli. Shida ni kwamba neno alilojifunzia kule mara nyingi hubaki kule kule, na kila akitolewa anakosa mchezo wa wenzake.

Msaada wa darasani hufuata shughuli za siku. Wakati wa kunywa maji, mwalimu anashika vikombe viwili na kusubiri mtoto aombe, kwa neno, kwa ishara au kwa kugusa picha. Kusubiri huko, hata sekunde kumi tu, ndiko wengi wetu tunakoshindwa! Akivaa viatu, akinawa, akitaka mpira, nafasi ya kuomba inarudi tena na tena, na wenzake wanazoea kumsikiliza. Lakini mwalimu akiachwa peke yake bila maelekezo, mtoto huishia kukaa tu.

Kifungu cha 24 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, kinataka msaada utolewe ndani ya mfumo wa kawaida wa elimu. Mimi ningeanzia darasani. Chumba cha pembeni ningekitumia kwa muda mfupi, kwa lengo moja, na mwalimu aelezwe siku hiyo hiyo kilichofanyika.