TAHADHARI: Winchester Model 70 "ya kabla ya 64" zinazobadilishanwa Marekani, nyingi ni changa la macho

Wakuu, hasa mlioko Marekani mnaowinda kihalali. Kwenye maonyesho ya bunduki na makundi ya kuuziana kuna watu wanakuja na bunduki ya kuwindia, Winchester Model 70, wakidai ni "ya kabla ya 64". Wanataka uwape bunduki yako mpya na dola mia kadhaa juu yake. Hawa wanapenda kubadilishana kuliko kuuza, kwa sababu kwenye kubadilishana hakuna bei inayotajwa. Kila mtu anakadiria kichwani, na asiyejua ndiye anayepigwa.

Mwaka huo una maana yake. Model 70 ilianza kutengenezwa 1936, na 1964 kiwanda kikabadili utengenezaji ili kupunguza gharama. Za zamani zina kucha ndefu ya chuma ubavuni mwa boliti (komeo linalofunga chemba, pale risasi inapokaa), inayoshika kitako cha risasi tangu inapotoka magazini mpaka ganda linapotemwa nje. Kwenye mpya kucha hiyo iliondolewa, na nakshi za kushikia kwenye mbao zikawa za kugandamizwa na mashine badala ya kuchongwa. Wawindaji walinuna, bei ya zile za zamani ikapanda, na tofauti ipo hadi leo.

Kabla ya yote fungua boliti, hakikisha chemba na magazini ni tupu. Kisha soma namba iliyogongwa upande wa kulia wa chuma kikuu, pale mtutu unapoingia. Za kabla ya 64 zinaishia kwenye 581,000 na ushei; mpya zilianzia 700,000. Namba ikianza na herufi G, mrudishie mwenyewe. Wajanja hapa hukimbilia kukuonyesha kucha: "si unaiona hii?" Usiingie mkenge. Kiwanda kilirudisha kucha ndefu miaka ya 1990 kwenye toleo la Classic, na kwa sura ya haraka zinafanana.

Namba ikikubali, umejua umri wa chuma kikuu tu. Chomoa boliti, igeuze. Tumboni kuna namba iliyoandikwa kwa kalamu ya umeme, mwandiko wa mkono kabisa, na lazima ilingane na ile ya juu. Isipolingana, boliti ni ya bunduki nyingine: thamani inashuka, na kuna hatari juu yake, maana nafasi kati ya uso wa boliti na kitako cha risasi huenda si sahihi tena. Fundi hupima kwa vipimo viwili vya chuma, GO na NO-GO, boliti ikiwa imetolewa pini ya kufyatulia na akiisukuma kwa vidole tu. Ifunge juu ya GO, igome juu ya NO-GO. Ikifunga juu ya NO-GO usifyatue mpaka fundi aamue; nafasi ikizidi, ganda linaweza kukatika ndani ya chemba na gesi ya moto ikakurudia usoni.

Sasa mbao itoke. Hapa ndipo wengi hutolewa nje ya mchezo, kwa sababu muuzaji atasema skrubu zitaharibika. Zitaharibika kwa bisibisi mbovu; njoo na inayojaa mfereji wake. Kwenye toleo la kawaida, mbali na skrubu tatu za chini, kuna moja ya mbele inayoingia kwenye uvimbe wa mtutu. Ukiona tundu la skrubu kwenye mbao lakini mtutu hauna uvimbe, basi mtutu au mbao imebadilishwa. Chini ya mtutu, karibu na chemba, kuna tarakimu mbili za mwaka: 51 ni 1951. Mwaka mmoja mbele au nyuma ya namba ya chuma kikuu ni kawaida. Miaka kumi si kawaida. Anayekataa mbao itolewe anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Wizi mkubwa uko kwenye kaliba, yaani aina ya risasi bunduki inayotumia. .30-06 na .270 zimejaa. Adimu, kama .300 Savage, .35 Remington au 7 mm Mauser, hulipiwa mara kadhaa zaidi, kwa hiyo kuna watu wanaobadili mtutu au kugonga maandishi upya. Sisi wa Afrika Mashariki tuna udhaifu wetu: .458 Winchester Magnum, toleo lililoitwa African, lililoanza 1956. Jina tu linatosha kumlegeza mtu. Pitisha ukucha juu ya maandishi ya kaliba: yaliyogongwa juzi huwa na kingo kali zinazokwaruza, huku chuma cha pembeni kikiwa kimesuguliwa bapa. Nyingi za .300 H&H nazo zilichongwa chemba ziwe kaliba nyingine, .300 Weatherby. Dawa yake ni kumwagia chemba Cerrosafe, madini yanayoyeyuka kwa joto dogo kuliko la maji yanayochemka, kisha kupima umbo lililoganda baada ya saa moja.

Rangi inayong'aa mno ni dosari. Tazama kingo kama zimekuwa butu, matundu ya skrubu kama yamelegea mdomoni mithili ya kisahani, herufi kama zimefifia. Mbao ikiwa chini ya usawa wa bamba la chuma la kitakoni, imepigwa msasa. Mpira wa kupunguza teke kwenye kaliba za kawaida maana yake kitako pengine kilikatwa.

Upande wa pili: ukiwa wewe ndiye mwenye ya zamani halisi, dalali atakwambia imechakaa, akupe mpya yenye kitako cha plastiki. Usikubali siku hiyo hiyo, na usiipake rangi "ipendeze". Mikwaruzo ya asili ina thamani kuliko rangi mpya. Linganisha na bei za minada iliyokwisha fungwa, si bei wanazoomba watu.

Mwenzako akiwa jimbo jingine, bunduki ipite kwa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho, na mpokeaji ajaze fomu 4473. Fomu hiyo inauliza kama uliingia Marekani kwa viza ya muda. Wenye viza za muda wengi hawaruhusiwi isipokuwa kwa masharti maalum. Na namba ikiwa imesuguliwa au kugongwa upya, usiichukue hata bure: kuimiliki tu ni kosa la jinai la shirikisho.