Picha za rada za Titan: maoni ya mwalimu wa jiografia

Darasani natumia picha za rada ambazo NASA imeziweka mtandaoni bure, zilizopigwa na chombo cha Cassini kilipokuwa kikiizunguka Zohali, 2004 hadi 2017. Ukifundisha mito na mwambao, zitafute.

Titan ndio mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali. Baridi yake hufika kama nyuzijoto 179 chini ya sifuri. Maji huko ni magumu kama jiwe, na kinachonyesha, kutiririka na kujaza maziwa ni methani, gesi ambayo kwa baridi hiyo huwa kimiminika.

Anza na Ligeia Mare, bahari yake ya pili kwa ukubwa. Zipo picha nne za mwambao uleule, zimepangwa pamoja. Mwaka 2007 mahali pale ni peusi tupu. Julai 2013 limetokea doa jeupe la kilomita za mraba 75 hivi. Agosti 2014 limefika kama 160. Januari 2015 halipo! Maelezo yake hayajifanyi kujua: huenda ni mawimbi, huenda viputo vya gesi, huenda vitu vigumu vinavyoelea. Kidato cha tatu walibishana hadi kengele ikalia, kila mmoja akionyesha ushahidi wake kwa kidole pale pale kwenye picha. Kwangu hiyo inatosha kuipa alama zote.

Ontario Lacus, ziwa la kusini mwa Titan, inataka uangalifu. Wapo watafiti waliosema ukingo wake ulirudi nyuma kama kilomita 10 kati ya 2005 na 2009. Wengine wakapima upya, wasione badiliko la uhakika. Picha ya 2005 ni ya kamera, ya 2009 ni ya rada, na vifaa hivyo haviuoni ukingo kwa namna moja. Usiwape wanafunzi picha hizo mbili bila kuwaeleza hilo.

Pakua faili kubwa, hata kama itakula bando. Kwenye ile ndogo huvioni vijito vinavyoingia Vid Flumina, mto wa zaidi ya kilomita 400 unaomwaga Ligeia. Kuchapisha sishauri: nilipochapisha steshenari ya mtaani, weusi wa bahari ulimeza visiwa vyote vidogo. Tumia projekta.

Wala usingoje picha mpya za mwambao. Chombo kijacho, Dragonfly, kimepangwa kurushwa 2028 na kufika 2034, lakini kitatua kwenye vilima vya mchanga karibu na ikweta, mbali na bahari za kaskazini.