Reign in Blood ya Slayer masikioni mwa wasikilizaji wa Mtwara

Albamu ya Reign in Blood, iliyotolewa mwaka 1986 na Slayer, bendi ya muziki wa metali ya Marekani, ina nyimbo 10 zinazokwisha kwa takriban dakika 29, na ufupi huo ndio uliozua ubishi tulipoisikiliza pamoja hapa Shangani. Wapo waliosema kasi yake inachosha na kwamba uimbaji wa Tom Araya ni kelele tupu. Sikubaliani nao hata kidogo. Waliokulia kwenye sindimba walimwelewa mara moja mpiga ngoma wa bendi, Dave Lombardo, hasa pale magitaa ya wimbo wa kwanza yanaponyamaza ghafla, ikabaki miguu yake tu ikizikanyaga ngoma mbili kubwa mfululizo, na mpiga ngoma mmoja mzee akaomba sehemu hiyo irudiwe. Pingamizi zito zaidi lilihusu mashairi, kwa kuwa wimbo huo unasimulia unyama wa daktari wa Kinazi Josef Mengele katika kambi ya mauaji ya Auschwitz bila kumlaani waziwazi, na hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, Rick Rubin aliiandaa albamu bila mwangwi mwingi, hivyo kila pigo linasikika vizuri hata kwenye spika ndogo. Inafaa isikilizwe yote kwa mkupuo mmoja.