Ludusavi: sevu zimerudi, basi langu nimelipoteza mwenyewe

Laptopu ilikuwa inazima hovyo nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Kampala, kwenye arcade ya maduka, nikamwambia aweke Windows upya. Akaniuliza "ssebo, kuna vitu vya kubaki humu?" nikamjibu futa tu, bakapu ninayo, tena nimejaa kifua, maana siku mbili kabla nilikuwa nimepitisha Ludusavi na kila kitu kiko kwenye flashi.

Kwa asiyeijua, Ludusavi ni programu ya bure, unaifungua tu inaskani mashine na kutafuta sevu (faili zinazotunza ulipofikia) za gemu maelfu, orodha inaitoa PCGamingWiki, wiki ya gemu za kompyuta. Na hapo ndipo inapokulipa, kwa sababu kila gemu inaficha sevu pake: Stardew Valley ziko AppData, Skyrim ziko Documents ndani ya My Games, zingine hata ukiota huzipati. Unabonyeza Preview unaona faili na ukubwa wake, halafu Backup. Zangu zote ziliingia kwenye flashi ya giga 16 na nafasi ikabaki, na hapo ndo nilitakiwa kushtuka lakini wapi.

Mimi ni mtu wa Euro Truck Simulator 2, gemu ya malori, na siendeshi lori, naendesha mabasi ya modi, yaani nyongeza wanazotengeneza wachezaji. Modi arobaini na kitu, mabasi, ramani, honi, zote nimezipanga mwenyewe moja moja.

Sasa kurudisha. Fundi alifungua akaunti mpya ya "User", ya zamani ilikuwa na jina langu, kwa hiyo faili zikawa zinataka kwenda kwenye folda ya mtu ambaye hayupo tena. Hapa nawapa maua yao, kuna kitu wanaita redirect, unaandika njia ya zamani na njia mpya, basi, Preview ikanionyesha ziko sawa. Nikachungulia folda ya profiles nikakuta kitu kinaitwa 47756C75, moyo ukapiga paa, kumbe hii gemu huandika jina la profaili kwa hex, namba za kikompyuta badala ya herufi, na hiyo ndo "Gulu" yangu.

Nikafungua. Gulu ipo, pesa zipo. Gemu ikaniambia kuna modi hazionekani, mimi kwa kiherehere nikabonyeza OK. Basi hakuna! Nimerudishiwa hela ya gemu nimesimama gereji kama abiria aliyeachwa stendi.

Kumbe Ludusavi inabeba sevu na setingi, folda ya mod haigusi mpaka uiongeze mwenyewe kwenye Custom games, na haijawahi kumdanganya mtu kwamba inaibeba, ni mimi sikusoma. Nikaanza kushusha modi upya, magiga kwa magiga, na bando letu hili lenye ushuru wa asilimia 12 tangu 2021, nilikula rolex, chapati yetu ya mayai, siku tatu mfululizo ili hela itoshe. Zingine waliozitengeneza walishazitoa.

Kilichoniokoa ni kwamba bakapu kwenye flashi haikuguswa. Modi zilipokaa nikarestoo mara ya pili, na faili la profile.sii linakumbuka modi zote na mpangilio wake, ila majina ya zile faili za modi, za .scs, yawe vilevile. Moja nilikuwa nimeibadilisha jina ili ipendeze, gemu ikaikana kabisa. Halafu Steam, duka la mtandaoni la gemu, ilishaniletea toleo jipya wakati ramani yangu ni ya toleo la nyuma, ikabidi niingie kwenye Betas nichague lile la zamani ndo niguse profaili.

Nyota nne kwa tano. Nyota moja nimeizuia kwa sababu mtu wa modi anahitaji kuambiwa mapema, kwa herufi kubwa, kwamba modi si sevu. Saa hii folda ya mod iko kwenye Custom games, flashi haitoshi tena nimenunua hadi diski ya nje.

Imebaki honi moja tu, ile ndefu ya mabasi ya usiku, sijaipata popote. Mwenye faili lake anitumie, na tafadhali asilibadilishe jina.