Kutembezwa Mji Mkongwe Bagamoyo: nyota nne, na pesa yangu siijutii

Hii ni wiki ya tatu niko Bagamoyo, kazi ndo imenileta, mimi ni mwashi kutoka Tabora. Jumapili iliyopita nikasema leo silali geto, nikaenda Caravan Serai, pale misafara ya zamani ilipokua inafikia, nikakata tiketi ya idara ya Mambo ya Kale, nikapatana na kijana mmoja anayetembeza wageni, elfu ishirini mji mzima kwa miguu, magofu ya Kaole tunamalizia na boda nalipa mwenyewe. Tulikubaliana saa mbili asubuhi akaja saa nne kasoro. Hapo ndo nyota moja ilipoondoka, maana jua la pwani mchana ni kali na Kaole tukapita kama tunafukuzwa, yani makaburi ya kale na msikiti wa matumbawe wa karne ya 13 unavikimbia vile kweli jamani?

Ila kwa kujua, anajua. Akaniuliza kabila, nikamwambia Mnyamwezi, akasema kaka basi wewe sio mgeni, wazee wako walikua wanafikia hapa. Nlikua nimesikia kijuujuu tu kwamba wapagazi walitoka kwetu na pembe za ndovu begani wakatembea miezi mpaka baharini, lakini kusimama pale uani huku unaelezwa ni kitu kingine kabisa, nikamkumbuka na babu. Kuhusu jina la mji akasema wapo wanaosema ni bwaga moyo, mpagazi kafika anatua mzigo, na wapo wanaosema ni mtumwa anauacha moyo wake hapa kabla ya kupakiwa jahazini kwenda Zanzibar. Nikamuuliza ipi ya kweli, akanijibu kaka, wote wawili walikuja kwa njia hiihii moja.

Ngome Kongwe ya 1860 tuliingia, misheni tukaona mnara ambao mwili wa Livingstone, yule mmisionari mzungu, ulilazwa Februari 1874, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wamembeba kutoka huko ambako leo ni Zambia. Boma la Wajerumani la 1897 ni kubwa mpaka nikauliza, si makao makuu yao yalishahamia Dar tangu 1891, sasa hili la nini? Akasema watawala wa wilaya walibaki na walitaka waonekane.

Lakini kilichonishika mimi ni nyumba za kawaida za Mtaa wa India, zile ambazo watu wanapiga picha mlango wa nakshi wanasepa. Ingia ndani kama utakaribishwa. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kama urefu wa mkono, nje kunachoma ndani kuna ubaridi, juu boriti za mikoko zimepangwa, na vyumba vyote ni vyembamba kwa sababu chumba hakiwezi kuzidi urefu wa boriti. Miaka yote ya ufundi sikuwahi kuona nyumba iliyopimwa na mti!

Sasa kinachoniuma. Sehemu nyingi wamezibia na saruji. Saruji kwenye ukuta wa chokaa inaziba, maji na chumvi vinabaki ndani havina pa kutokea, baada ya misimu michache plasta inabanduka na jiwe linakuja nalo. Nyumba moja tulimkuta bibi kakaa barazani, nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu, kusikia natoka Tabora akasema aah kumbe mtani wangu, yeye Mzaramo, basi ikawa utani mpaka tukaletewa kahawa na kashata. Akanionyesha ukuta wake, kila masika unapigwa saruji mpya na kila kiangazi inadondoka. Nikamwambia bibi hii inataka chokaa na mchanga tu, akasema fundi wake wa zamani alikua anasema hivyohivyo, alishafariki.

Kwa anayetaka kwenda, mwambie mwongozaji wako saa moja na nusu muwe mmeshaanza na Kaole muiwekee siku yake. Na msiishie kwenye Boma, piteni vichochoroni, msalimieni watu. Jumamosi mi narudi kwa bibi, chokaa nimeshaulizia, mchanga anao.